Maswali ya Wasomaji: Kituo cha Waifai Kinachojizima

SWALI: Ninatunza mtandao wa shule ya sekondari katika komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi. Tuna vituo vitatu vya waifai, na kila kimoja kinapata umeme na data kwa kebo moja inayotoka kwenye swichi ya ofisini, yaani kifaa kinachogawa mtandao kwa kebo. Viwili havina shida. Cha tatu, kilicho kwenye jengo la maktaba ng'ambo ya uwanja, huwaka vizuri asubuhi, lakini wanafunzi wakishaingia kwa wingi hujizima na kujiwasha upya. Fundi aliyekiangalia amesema kimekufa. Je, tununue kingine?

JIBU: Msinunue kwanza, Mwalimu. Dalili unazozieleza ni za kifaa kinachopunjwa umeme. Kituo ambacho hakuna anayekitumia hula wati chache tu. Redio zake zinapohudumia simu nyingi kwa pamoja, mahitaji hupanda, na kama umeme unaofika ni haba, volti hushuka mpaka kinazima. Kikishazima, mzigo unaondoka, volti zinarudi, nacho kinawaka tena.

Kishusheni, mkilete ofisini na kukiunganisha kwa kebo fupi mnayoiamini, kwenye tundu lile lile la swichi linalokilisha sasa, kisha waacheni wanafunzi wakitumie kwa saa nzima. Kikidumu, kituo na tundu ni vizima, na kosa liko kwenye kebo ya maktaba. Kikizima hata hapo, kihamishieni kwenye tundu la mojawapo ya vile vituo vizima. Hapo mtajua kama mgonjwa ni tundu au ni kituo chenyewe. Ni jaribio lisilogharimu chochote, na inanisikitisha kwamba shule nyingi hulipia kifaa kipya kabla ya kulifanya.

Mimi naishuku kebo. Kwa 802.3af, kanuni ya mwaka 2003 ya kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, swichi hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, lakini kituo kinahakikishiwa wati 12.95 tu, kwa sababu nyingine hupotea njiani kama joto. Hesabu hiyo inachukulia kwamba waya ni wa shaba tupu na kwamba safari nzima haizidi mita 100. Pimeni urefu mkifuata njia ambayo kebo inapita kweli, ukutani, darini na kando ya uwanja. Kisha kateni ncha ndogo na kukwaruza waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo madukani huuzwa kwa bei nafuu na kwa jina lile lile la kebo ya mtandao. Alumini huzuia umeme zaidi kuliko shaba na hukatika upesi ikikunjwa. Kwa umbali wa maktaba yenu, kebo ya namna hiyo inatosha kuleta matatizo yote uliyoyaeleza.

Tazameni na koneta, yaani kichwa cha plastiki kilicho mwishoni mwa kebo. Ganda la kebo linapaswa kuingia ndani ya koneta na kubanwa humo. Likiishia nje, nyaya nyembamba ndizo zinazobeba uzito wote. Ukijani kwenye meno ya shaba ni dalili ya maji. Kati ya Novemba na Machi, mvua zinapotukalia, maji hupenya kwenye ganda lililopasuliwa na jua na kuteremka ndani ya kebo mpaka kwenye swichi. Kwa hiyo tumieni kebo ya nje, na kabla haijaingia ukutani iachieni mkunjo unaoning'inia chini ya tundu la ukutani, ili maji yadondokee hapo.

Someni pia jumla ya wati ambazo swichi inaweza kugawa. Yenye matundu 8 na jumla ya wati 60 haiwezi kutoa wati 15.4 kwa yote, kwani hiyo ingehitaji wati 123.2. Kwa vituo vitatu bado mna nafasi, isipokuwa mmeongeza kamera.

SWALI: Kituo changu hakizimi kamwe, lakini kasi ya kebo haipiti megabiti 100 kwa sekunde, ingawa swichi ni ya gigabiti. Kwa nini?

JIBU: Karibu kila mara ni waya mmoja usiogusa. Megabiti 100 huhitaji jozi mbili tu za waya, ile ya pini (meno ya koneta) 1 na 2 na ile ya pini 3 na 6; gigabiti hudai jozi zote nne. Waya wa pini 4, 5, 7 au 8 ukikatika, vifaa hukubaliana kushuka, na mtumiaji huona mtandao mzito tu. Bana koneta upya pande zote mbili kwa mpangilio mmoja wa rangi, kisha upime waya zote nane kwa kipima kebo. Kama kasi haijapanda, jaribu tundu jingine la swichi kabla ya kubadilisha kebo nzima.