Wasomaji Wanauliza: Pikipiki Inayolipua Kwenye Bomba la Moshi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mwendesha bodaboda wa Kapchorwa, na kazi yangu kubwa ni kuteremsha kahawa na viazi hadi Mbale kwa Bajaj Boxer ya kabureta. Inapopanda mlima haina neno. Ninapoachia akseli kwenye mteremko, bomba la moshi hutoa milio ya pa-pa-pa, na mara mojamoja hulipuka kwa kishindo cha bunduki. Wiki iliyopita mbuzi wa watu walikata kamba. Nimebadilisha plagi mara 2, na sasa fundi anataka kuifungua injini. Je, hakuna ninaloweza kulifanya mwenyewe kwanza?

JIBU: Lipo, ndugu msomaji, na ninakuomba fundi huyo asubiri kidogo. Barua yako imebeba nusu ya jibu, kwa kuwa umetaja wakati ambao mlio unatokea. Pikipiki inayopanda mlima na mzigo bila kusita, kisha ikalipua pale tu akseli inapofungwa, mara nyingi haina ugonjwa wa ndani. Umeeleza pia milio ya aina 2, nami nitaitenganisha, kwa sababu kila mmoja una chanzo chake.

Tuanze na pa-pa-pa. Akseli inapofungwa huku gurudumu likiendelea kuizungusha injini, silinda hupata mchanganyiko wa hewa na petroli kidogo mno, ambao hauungui vizuri, na petroli iliyosalia husukumwa kwenye bomba lililo moto. Petroli hiyo ingetoka kimya kama isingepata hewa. Lakini pale bomba linapoungana na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, kuna gasketi ndogo ya mviringo ya kuziba mwanya, na ikiwa imechoka au nati zake 2 zimelegea, kila pigo la moshi linalopita huacha nyuma yake mvuto unaonyonya hewa safi kutoka nje. Petroli, joto na hewa vikikutana humo bombani, ndipo mbuzi wanapokata kamba.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, chunguza kiungo hicho. Masizi meusi yaliyotambaa kwenye mapezi ya kupoza silinda karibu na nati ni ushahidi wa kutosha. Usipoyaona, paka povu la sabuni kuzunguka kiungo, washa injini na utazame kama povu linapulizwa, kisha uzime kabla bomba halijapata moto. Ukiona panavuja, legeza kwanza boliti inayoshika sailensa huko nyuma ili bomba likae lenyewe mahali pake, uweke gasketi mpya, kisha ukaze nati zote 2 kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule. Nati zikiwa na kutu, zitie mafuta ya kulegeza na uziache zilale usiku kucha, maana stadi, yaani ile boliti isiyo na kichwa inayofungwa nati, ikikatikia ndani ya silinda hedi, gasketi ya bei ndogo itakuwa imezaa kazi ya kuchomelea. Mimi mwenyewe niliwahi kununua plagi, koili na kabureta kwa ajili ya mlio kama huo, na mwisho wake ukawa nusu mzunguko wa spana namba 10.

Kama kiungo ni kizima, kagua mpira unaounganisha kabureta na injini, kwani ukipasuka huingiza hewa ya ziada na kuufanya mchanganyiko uwe mwepesi, yaani wenye petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Ukunje kwa vidole, nyufa zitajionyesha. Baada ya hapo ndipo uiguse skrubu ndogo ya kabureta inayorekebisha mchanganyiko. Izungushe kuingia ndani huku ukihesabu mizunguko hadi iguse taratibu, uandike hesabu hiyo, uirudishe ilipokuwa, na ndipo uanze kuijaribu kwa robo mzunguko. Skrubu iliyo upande wa filta kwa kawaida hupima hewa, kwa hiyo kuiingiza huongeza uzito wa mchanganyiko; iliyo upande wa injini hupima petroli, na hiyo huongeza uzito inapotolewa nje. Wengi hawalijui hilo na huishia kuufanya ugonjwa uwe mbaya zaidi.

Sasa kile kishindo cha bunduki. Nina swali ambalo hukulijibu: je, huwa unazima swichi kwenye mteremko ili kubana petroli? Ikiwa unazima huku gia imeingia, hubani chochote. Gurudumu linaendelea kuizungusha injini, pistoni inaendelea kuvuta kutoka kwenye kabureta, na kwa kuwa plagi haina moto, petroli yote hupita mbichi na kujaa kwenye sailensa. Ukiwasha swichi huko chini, cheche ya kwanza huikuta akiba hiyo yote. Kishindo hicho kinaweza kupasua mshono wa sailensa, na wakati wote huo taa yako ya breki imezimika nyuma ya lori linaloteremka nawe. Acha swichi iwake wiki moja, usikilize kama kishindo kitarudi. Kikirudi, shuku waya au kofia ya plagi iliyolegea, ambayo hukata moto na kuurudisha bila wewe kugusa kitu.

SWALI: Mimi ni mama mfanyabiashara wa Busia na nina pikipiki ambayo kijana mmoja huniendeshea. Kila asubuhi inalia tik-tik-tik, naye anasema injini imekufa na nitoe fedha ya kuinunua nyingine. Nimwamini?

JIBU: Mama, usitoe fedha leo. Uwepo asubuhi inapowashwa, na usubiri dakika 10. Mlio ukififia kadiri bomba linavyopata joto, huo ni moshi unaovuja kwenye kiungo nilichokieleza hapo juu, kwani chuma kikitanuka tundu hujiziba. Ukibaki vilevile na kusikika juu kabisa ya silinda, ni tapeti, yaani virekebisho vya nafasi ya vali zinazofungua na kufunga njia za hewa na moshi, na kuzipima kwa geji injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha pikipiki, si kazi ya kutwa. Fundi asizibane hadi zinyamaze kabisa: tapeti inayolia kidogo ni afadhali kuliko iliyobanwa, kwa sababu vali isiyofunga vizuri huungua, na hapo pikipiki italipua kwelikweli.

Mlio wa kumwamini kijana ni ule mzito, gon-gon-gon, unaotoka chini na kuzidi pikipiki inapobeba. Huo ukiusikia, izimwe papo hapo na oili itazamwe kabla ya neno lingine lolote.

SWALI: Nikifika mwendo fulani, sailensa inacheza kama kayamba, na ukizidi au kupungua inanyamaza. Vijana wa stendi hapa Arua wananishauri niitoboe na kutoa vyuma vya ndani. Unasemaje?

JIBU: Usitoe. Kabureta yako ilipangwa kwa sailensa yenye vyuma hivyo, na ukivitoa, mlipuko alioulalamikia mwenzako wa Kapchorwa utakuwa wako pia, pamoja na lawama za majirani. Bomba likipoa, tikisa kwa mkono bati la kukinga joto na kishikio cha nyuma, kwani mara nyingi ni skrubu moja iliyolegea au mpira uliokwisha. Kama navyo ni vizima, igonge sailensa kwa ngumi: kikilia kitu ndani, ukuta wake umekatika na haina budi kubadilishwa. Ile mpya ifungwe kwanza kwenye silinda kwa nguvu ya vidole tu, ifuate boliti ya nyuma, na spana ije mwisho.