Wasomaji Wauliza: Likizo ya Visiwa vya Komoro

SWALI: Mimi na mume wangu tunapanga kuwapeleka watoto wetu watatu Visiwa vya Komoro likizo ya Desemba. Mdogo ana miaka saba. Tuna siku kumi, na tungependa kuviona visiwa vyote vinne, kuogelea baharini na kuiona volkano. Tuanzie wapi? *Mama wa watatu, Tanga*

JIBU: Dada, safari yenu inawezekana kabisa, ila kuna mambo mawili ambayo ningewasihi muyabadilishe kabla ya kukata tiketi: mwezi wa kusafiri na idadi ya visiwa.

Tuanze na mwezi. Sisi wa pwani ya Tanzania tumezoea kwamba upepo wa kaskazi ukishatulia, Januari na Februari, jua huwa kali na mvua hupungua, kwa hiyo ni rahisi mtu kudhani kwamba hali ni hiyo hiyo kote katika bahari hii. Komoro mambo ni kinyume, kwa sababu huko kaskazi ndiyo inayoleta fukuto na mvua nyingi, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Januari kwa kawaida ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Huo pia ndio msimu wa vimbunga. Kimbunga Kenneth kilipita karibu na Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, mwezi wa Aprili 2019 kabla ya kuipiga Msumbiji, na Desemba 2024 kimbunga Chido kilikiharibu vibaya kisiwa cha Maore (Mayotte). Si kila Desemba huja na kimbunga, lakini familia yenye siku kumi tu haina nafasi ya kukaa ndani siku tatu ikingoja mvua ikatike na boti zianze tena kusafiri.

Kwa kuwa watoto wana likizo ya Juni pia, nendeni Juni. Wakati huo upepo wa kusi umeshika, hewa ni kavu na ya baridi kidogo, na njia za vijijini zinapitika. Msiisogeze safari hadi Julai au Agosti mkitafuta ukavu zaidi, maana miezi hiyo Wakomoro wanaoishi Ufaransa hurudi nyumbani kwa wingi kwa ajili ya harusi kubwa za kimila, na tiketi hupanda bei na kuadimika. Kama mngekuwa hamfuati kalenda ya shule, ningewaambia mwende Septemba au Oktoba, wakati ambapo nyangumi wenye nundu bado wako katika maji hayo na wageni wengi wameshaondoka.

Sasa visiwa. Vyote vinne vilizaliwa na volkano, lakini havina umri mmoja, na umri huo ndio unaoamua mgeni ataona nini. Ngazija ndicho kichanga kuliko vyote. Mwamba wake bado ni mweusi, mkali na wenye vitundu vingi, kiasi kwamba mvua ikinyesha maji huzama moja kwa moja chini. Ndiyo maana kisiwa chenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 1,000 hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima, na nyumba nyingi zina birika la kukusanyia maji ya mvua. Fukwe za mchanga ni chache, na kwa kuogelea na watoto nawapendekezea Mitsamiouli upande wa kaskazini na Chomoni upande wa mashariki, ambako mchanga mweupe umekaa katikati ya ndimi za lava nyeusi. Wavalisheni watoto viatu vya mpira hata ndani ya maji, kwa kuwa lava hukata mguu kama chupa iliyovunjika.

Nzuwani na Mwali ni vikongwe zaidi. Mvua ya miaka mingi imevichonga, udongo umekuwa mzito, kuna vijito, na matumbawe yamepata muda wa kukua kandokando. Maore ndicho kikongwe kuliko vyote na kimezungukwa na wangwa mpana wa matumbawe, lakini kitoeni katika mpango wenu. Kisiwa hicho kinatawaliwa na Ufaransa, nacho kilifanywa mkoa wake kamili mwaka 2011. Viza yake ni ya Kifaransa na huombwa mapema, ilhali viza ya Komoro hutolewa mnapowasili katika uwanja wa ndege wa Hahaya, na haiwaruhusu kuingia Maore. Akitokea mtu Nzuwani akawaambia kwamba kuna mashua ndogo za kuwavusha usiku, mkatalieni katakata. Mashua hizo zimeua watu wengi tangu Ufaransa ilipoweka sharti la viza mwaka 1995.

Kwa hiyo chagueni visiwa viwili: Ngazija, kwa sababu ndege hutua huko, na kimoja kati ya Mwali na Nzuwani. Mkipenda mji wa kale wenye vichochoro, ngome inayotazama bandari, mashamba ya karafuu na milangilangi na milima yenye maporomoko ya maji, basi ni Nzuwani, na makao yenu yawe Mutsamudu. Kwa familia yenye mtoto wa miaka saba, mimi ningechagua Mwali bila kusita. Ndicho kidogo kuliko vyote, pilikapilika zake ni chache, bahari yake ya kusini imehifadhiwa tangu mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira yao (biosphere reserve).

Huko Mwali nendeni Itsamia mkalale angalau usiku mmoja. Kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga mayai mwaka mzima, na wanakijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwaongoza wageni. Mtakaa gizani bila tochi wala simu hadi kiongozi awaite. Kasa anapopanda huwa mwepesi kushtuka, na akiona mwanga hugeuka akarudi majini bila kutaga. Lakini akishachimba shimo lake kwa mapezi ya nyuma na kuanza kutaga, mnaweza kusogea taratibu kutokea nyuma yake na kuyaona mayai yakidondoka, meupe na laini, mawili matatu kwa mpigo, huku yeye akivuta pumzi nzito inayosikika vizuri kabisa. Waandaeni watoto mapema kwamba kungoja kunaweza kuchukua saa kadhaa, na mdogo alale mchana wa siku hiyo.

Usafiri wa kati ya visiwa ndio unaowaharibia watu likizo. Zipo ndege ndogo, na zipo boti zinazotoka Chindini, kusini mwa Ngazija, kwenda Hoani huko Mwali, lakini ratiba hubadilika, na kusi ikivuma kwa nguvu mkondo huo huchafuka. Nendeni Mwali mapema, mara tu baada ya kupumzika Moroni, mji mkuu ulioko Ngazija, kisha mrudi Ngazija mkiwa na siku mbili au tatu mkononi kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Siku hizo ndizo za Mitsamiouli na Chomoni. Mwone pia daktari kuhusu dawa ya kinga ya malaria, na muwe na mavazi ya heshima kwa ajili ya mijini na vijijini, kama mnavyovaa Tanga.

SWALI: Nasikia mlima Karthala wa Ngazija ni volkano hai. Je, ni salama kuupanda, na mtu asiye na mazoezi makubwa atauweza? *Kijana wa Mwanza*

JIBU: Kwa urefu Karthala haifiki hata nusu ya Kilimanjaro, kwani ina mita 2,361. Ugumu wake ni mwingine. Watu wengi huanzia kijiji cha Mvouni, juu kidogo ya Moroni, hivyo karibu mlima wote unapandwa kwa miguu, na kwa sababu ile ile niliyomweleza dada wa Tanga, hakuna maji njiani. Kila tone utakalokunywa na kupikia hubebwa kutoka chini. Usijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lala juu, uamke kabla ya jua, na ufike ukingoni asubuhi mapema kabla ya mawingu kuziba. Utakachokiona ni kasoko lenye upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, lenye majivu ya kijivu na mashimo mengine ndani yake. Chukua koti zito, kwa kuwa usiku huko hauna dalili yoyote ya visiwa vya joto.

Kuhusu usalama, volkano hii haikulala. Mwaka 1977 lava ilipasukia ubavuni na kukifunika kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ililipuka mara mbili, na majivu ya Novemba yakayachafua maji ya mabirika niliyoyataja. Mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007. Huchunguzwa kwa vipimo vya mitetemo, kwa hiyo ulizia hali yake Moroni siku moja kabla, na usipande kamwe bila kiongozi wa huko, maana ukungu ukishuka njia hupotea. Huna haja ya mazoezi makubwa, ila mwezi mzima wa kutembea saa mbili kila siku utakusaidia sana.

SWALI: Nibebe dola, shilingi au kadi? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Beba yuro taslimu. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro kwa kiwango kisichobadilika, takriban faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo hutababaishwa na mtu wa kubadilisha fedha. Shilingi usiitegemee kabisa, na kadi hukubaliwa mahali pachache. Badilisha fedha za kutosha ukiwa Moroni kabla ya kwenda Mwali, na uombe noti ndogondogo, kwa sababu chenji vijijini ni shida.