Madaftari ndiyo yanayokuchosha, si ualimu

Mwalimu mmoja wa Hisabati, darasa la tano, ameniandikia kwamba hamu ya kazi imemwisha. Wanafunzi hakuwataja. Alichotaja ni rundo la madaftari mezani, na hapo semina za kutiana moyo hazisaidii kitu.

Piga hesabu. Mikondo miwili ya wanafunzi 90 ni madaftari 180. Kila moja likila dakika mbili, ni saa sita. Nani atamaliza vipindi, ashike zamu, asahihishe saa sita, halafu kesho aingie darasani na uso mkunjufu?

Usikusanye yote. Gawa kila mkondo makundi matatu ya watoto 30, ukusanye kundi moja kwa siku. Toa maswali matano badala ya kumi, na dakika moja kwa daftari itatosha: 60 kwa saa moja, yanaishia shuleni. Taja kundi la siku hiyo mwisho wa kipindi. Wakijua mapema zamu si yao, wengine hawagusi kalamu. Waliobaki wabadilishane madaftari, majibu yakiwa ubaoni, ila wasibadilishane na jirani wa dawati, maana marafiki hupeana vema za bure. Kwa insha njia hii haifai kabisa.

Wakati wa kusahihisha, weka karatasi pembeni uandike makosa yanayojirudia. Tuseme kumi wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5, yaani wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usiandike "rudia" mara kumi. Kesho anza na swali hilohilo ubaoni, bila kutaja jina la mtu, kisha uliza: 2/5 na nusu, ipi kubwa? Wakunje karatasi waone. Imekuwaje tuongeze kitu juu ya nusu, tupate pungufu ya nusu? Waache wabishane dakika tano kabla hujagusa 3/6 na 2/6. Mwalimu anayengoja kusikia mabishano hayo haingii darasani kinyonge, na andalio la mwaka jana hatalinakili, kwa sababu makosa ya mwaka huu si yaleyale.

Mwalimu mkuu au mthibiti ubora akihoji madaftari yasiyo na wino mwekundu, mwonyeshe orodha ya makundi yenye tarehe pamoja na ile karatasi ya makosa. Zibandike nyuma ya azimio la kazi.