Uhusika wa pembeni kwenye larpu: mjumbe aliyeharibu na mzee wa kisima

Mkuu unayeuliza utafanyaje usikae kama kinyago siku nzima kisa umepewa uhusika wa pembeni kwenye larpu, ngoja nikujibu maana mimi nimeshaharibu mchezo wa watu mara moja. Kwa wasiojua, larpu ni igizo lisilo na jukwaa wala watazamaji, hakuna mistari ya kukariri, kila aliyepo ni mhusika na stori inajitunga hapo hapo.

Sisi tuko wachache hapa Dodoma, larpu yetu tulichezea upande wa Hombolo: msafara wa miaka ya 1880 umetoka Bagamoyo unaenda Tabora, unakatiza Ugogo. Enzi hizo hapa hupiti bure, unamlipa mtemi hongo (neno hilo hilo, ila ulikuwa ushuru wa wazi kabisa), merikani (kitambaa cha pamba), shanga, waya, na maji nayo yana mwenyewe. Wahusika wakuu ni kirangozi (anayeongoza msafara njiani), tajiri na wapagazi, sisi wengine tunawasubiri njiani.

Mara ya kwanza nikawa mjumbe wa mtemi. Aisee nilijiachia! Salamu za "mbukwenyi" kwa wingi, Kigogo changu chote nikakimwaga, nikalia, nikagaragara, watu mbavu hawana. Kumbe karibu lisaa limekata, tajiri kasimama na robota lake la nguo hajapata upenyo wa kusema neno, wapagazi wameshakaa chini wanachorachora mchangani. Jioni dada aliyekuwa kirangozi akaniambia, "Kaka umetuchekesha kweli, ila mimi nilikuja kuongoza msafara, nimeishia kukuangalia wewe." Iliniuma, ila alikuwa sahihi.

Safari ya pili nikaomba niwe mzee mwenye kisima. Mzee huyo nikampa shida moja tu: kijana wake aliondoka na wapagazi hajarudi. Mkononi kibuyu na kata, basi. Mpagazi akija na kiu simsimulii yangu, namuuliza, mwanangu, ile nyika ya maji machungu, Marenga Mkali, mmeivukaje? Nani kabaki nyuma? Huku namimina maji taratibu, kata ikifika nusu nasimama namwangalia usoni. Hapo mtu lazima atunge. Mmoja akaapa kijana wangu anamjua, muongo mtupu anataka maji ya bure, mwenzake akaenda kumsema kwa tajiri, ugomvi ukawaka kwenye msafara mzima na mimi nimetulia zangu chini ya mbuyu naziba kibuyu.

Kuna wanaokwambia wa pembeni apoe asipige kelele, hapo siafiki. Yule mjumbe wangu angeweza kufoka vile vile, ila angefoka "tajiri, umeleta doti ngapi za nguo?" halafu afunge mdomo kabisa, hata kukiwa kimya mpaka inakera. Ukiona macho yote yako kwako muda mrefu, mgeukie mtu mwingine umuulize kitu ambacho yeye tu ndo anaweza kujibu.

Mavazi usiumize kichwa, shuka moja inatosha, upepo wa huku na vumbi lake vitakuchakaza vyenyewe. Ila ukienda na kibuyu kipya kiloweke na kukisugua siku kadhaa kabla, changu nilienda nacho hivyo hivyo maji yakawa machungu kama shubiri, wapagazi wakasema Marenga Mkali wameikuta kisimani kwangu.