Nazi Ikidondoka Batini: Maswali ya Wake na Watoto wa Askari

SWALI: Mume wangu ni koplo mstaafu. Alikuwa Kongo, akarudi mwaka 2018. Usiku nazi ikidondoka kwenye bati anaruka kitandani. Mwezi uliopita alikuwa anaweweseka, nikamtikisa aamke, akanikaba shingo. Asubuhi hakumbuki kitu. Harusini haendi, na ikifika Desemba ndiyo huharibika kabisa, na pombe inazidi. Mama mkwe anasema ni jini alilotoka nalo msituni, anataka apungwe. Nifanyeje?
Mama Watoto, Makorora, Tanga

JIBU: Pole sana, dada yetu. Tuanze na usiku, maana hapo ndipo roho yako ilipo hatarini.

Usimtikise tena. Aliye kwenye ndoto ya vita hajui kuwa ni wewe. Anachohisi ni mkono unaomvamia, na mwili wake hujibu kabla akili haijaamka. Ukimsikia anaguna au anarusha mateke, toka kitandani, simama upande wa miguuni, mahali ambapo mkono wake haufiki. Washa taa. Umeme ukiwa umekatika, tochi ya simu imulike ukuta, isimpige machoni. Mwite kwa jina mnalomwita nyumbani, kwa sauti ya kawaida, na urudie: "Uko nyumbani, Makorora. Ni mimi mkeo. Saa tisa usiku." Akifumbua macho usimkimbilie kumkumbatia. Mwache aketi, akanyage sakafu kwa miguu mitupu, anawe uso kwa maji baridi. Ameota nini, usimuulize usiku huo.

Tazama na chandarua. Kile cha duara kinachoning'inia kutoka katikati humviringa mtu anayetapatapa. Akiona amenaswa, anapigana zaidi. Tafuteni cha pembe nne, kipana kuliko kitanda, na yeye alale upande unaofunguka. Panga la uvunguni litoke chumbani leo hii. Mkilala vitanda mbalimbali kwa miezi michache, majirani watasema, lakini hakuna ndoa iliyovunjwa na godoro la pili.

Kuhusu shingo: mtu aliyekabwa, hata mara moja, akisikia sauti imekauka, anameza kwa shida, anapumua kwa shida au ana kizunguzungu, aende hospitali hata kama nje hakuna alama. Uvimbe wa koo na madhara ya mishipa ya shingo huweza kujitokeza baadaye. Na tutenganishe mambo mawili. Aliyekukaba usingizini ni mgonjwa, na tiba yake ipo. Akikupiga mchana macho yake makavu, hilo ni kosa la kupiga, na kiwewe hakimpi kibali. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kabla ya kwenda kutibiwa majeraha. Ikiwa hali ni mbaya, tibiwa kwanza, fomu itafuata.

Sasa ugonjwa wenyewe. Wataalamu huuita msongo wa baada ya kiwewe. Huangalia makundi manne ya dalili: tukio kurudi lenyewe, kwa ndoto au hata mchana; kukwepa watu, mahali na mazungumzo yanayolikumbusha; moyo kufa ganzi, hatia na kujiona hana thamani; na mwili kukaa chonjo muda wote, usingizi mwembamba, hasira za ghafla, kiti ni lazima kitazame mlango. Zikizidi mwezi mmoja na kumharibia kazi au nyumba, ni ugonjwa. Desemba yake ina sababu tunayoweza kuikisia: tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani kule Semuliki, Kivu Kaskazini, Kongo, ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Aliyekuwepo, au aliyepoteza rafiki pale, mwili wake huihesabu tarehe hiyo hata kama mdomo hausemi. Iweke kwenye kalenda. Wiki mbili kabla, punguzeni wageni na safari, na miadi ya kliniki iangukie kipindi hicho.

Kombe hatuna ugomvi nalo. Maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani hayagombani na kidonge, na dua humtuliza aliyeizoea. Tunachopinga ni kupungwa. Mtu ambaye mwili wake unangoja kuvamiwa, ukimshikisha watu wanne gizani, moshi puani na ngoma kichwani, umemrudisha msituni kwa nauli yako mwenyewe. Mwambie mama mkwe hivyo hivyo, kwa adabu, na umpe kazi nyingine: akae na watoto siku za kliniki.

Kumpeleka ndiyo kazi. Ukimwambia twende kwa daktari wa akili atakujibu kwamba yeye si kichaa. Ingia kwa mlango wa usingizi: "Hulali, twende ukaangaliwe usingizi." Askari wengi hukubali hapo. Kwa Tanga anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, mwulizie huduma ya afya ya akili. Akipendelea mazingira ya kijeshi, Lugalo, Dar es Salaam, ni hospitali ya jeshi. Beba karatasi moja iliyoandikwa: ndoto ngapi kwa wiki, analala saa ngapi, anakunywa kiasi gani, dalili zilianza lini, na je, aliwahi kuwa karibu na mlipuko au kupoteza fahamu. Hilo la mwisho wengi husahau, na jeraha la ubongo linaweza kuleta hasira na usahaulifu unaofanana sana na kiwewe.

Tiba yenye nguvu zaidi ni mazungumzo na mtaalamu kwa mpango maalumu, kwa kawaida vikao 8 hadi 15, mara moja kwa wiki, ambamo mgonjwa hulipitia tukio lenyewe hatua kwa hatua. Usijaribu hilo sebuleni. Diazepamu ya duka la dawa pia mwiepuke: humlaza leo, kisha mwili huizoea, na kiwewe hakiondoki. Pombe nayo hivyo hivyo, humshusha haraka, kisha nusu ya pili ya usiku ndoto hurudi kali zaidi. Ila kama anakunywa kila siku kwa wingi, asikate ghafla peke yake. Kutetemeka na hata degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Aachishwe chini ya daktari.

Harusi unaweza kumsaidia wewe, mtaalamu akikubali. Kosa la nyumba nyingi ni kukwepa pamoja naye: kwanza harusi, halafu soko, halafu msiba wa jirani, mwishowe hata dukani anatumwa mtoto, na hofu inanenepa. Mwambie aipime hofu kwa namba, 0 hadi 10. Anzeni na jambo la 3 au 4, tuseme kutembea jioni hadi duka la pili. Akae hapo mpaka namba ishuke kama nusu, kisha arudie kesho na kesho kutwa, ndipo mpande: soko la Ngamiani asubuhi kabla halijajaa, halafu harusi. Harusini fikeni mapema, mketi karibu na mlango, mkubaliane ishara. Ishara maana yake tunatoka nje dakika tano, tunapumua, tunarudi. Si kwenda nyumbani. Akiondoka hofu ikiwa kileleni, akili yake itaandika kwamba kilichomwokoa ni kukimbia, na safari ijayo mtaanza nyuma ya pale mlipoanzia.

Jambo la mwisho, na usilionee haya. Muulize wazi: "Umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpi wazo hilo; mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, dawa na sumu za shambani zifungiwe, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Wastaafu wengi hupata kazi ya ulinzi. Kama analinda na bunduki, aombe lindo lisilo na silaha mpaka apone.

SWALI: Mume wangu alianzishiwa setralini, dawa ya kiwewe. Ndoto zimepungua lakini kitandani amekuwa baridi. Shoga yangu anasema ana nyumba ndogo. Nimfiche vidonge?
Bi. Z., Mwanzange

JIBU: Usivifiche. Setralini na dawa za jamii yake hujulikana kwa hilo: hamu hupungua au mwanamume huchelewa sana kufika. Shoga yako hakusoma karatasi iliyo ndani ya boksi. Dawa hii kwa kawaida huanza na miligramu 25 au 50 kwa siku, huchukua wiki 4 hadi 8 kuonyesha nguvu yake, na akipata nafuu huendelea kuinywa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka mzima. Ikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, hasira, na mishtuko kichwani kama ya umeme, ndipo watu husema "ugonjwa umerudi". Nendeni pamoja kwa daktari mkaliseme jambo lenyewe bila mafumbo. Anaweza kupunguza kipimo, kubadili saa ya kunywa au kubadili dawa. Mumeo akiona haya, liandike kwenye karatasi, umkabidhi daktari.

SWALI: Baba alipigana vita vya Kagera, 1978 na 1979. Miaka yote alikuwa mzima, mvuvi hodari. Sasa ana miaka sabini na kitu, ameacha bahari, na ndoto za vita zimeanza. Inawezekana baada ya muda wote huo?
Binti, Pangani

JIBU: Inawezekana, na si ajabu. Kazi ilikuwa inamshughulisha. Mikono ilipotulia, kumbukumbu zikapata nafasi. Misiba ya wenzake nayo huzifukua. Lakini kwa umri wake apimwe pia kumbukumbu, masikio na macho, kwa sababu asiyesikia vizuri hushtuka zaidi, na mwanzo wa kusahau kwa uzee unaweza kuleta vita vya zamani mbele kuliko mambo ya jana. Mpe kazi ya mikono yenye saa maalumu: kushona nyavu asubuhi kibarazani, kwa mfano. Akianza kusimulia, msikilize bila kumkatisha na bila kumdadisi. Na baruti ya wavuvi ikisikika baharini, msimcheke akijitupa chini.