Kabla hujaiuza Subaru ununue Evo

Haipiti wiki bila kijana kunisimamisha kituo cha mafuta hapa Kampala au kunipigia simu usiku na swali lile lile: "Kaka, nina STI, kuna mtu Ntinda anauza Evo. Nibadilishe?" STI ni ile Subaru Impreza ya kasi, Evo ni Mitsubishi Lancer Evolution, mshindani wake. Mimi humuuliza kwanza, bushi za STI yako, ile mipira ya maungio ya miguu, ulizibadilisha lini? Na tairi zako nne ni za aina moja? Wengi hunyamaza hapo, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanza kuwa na maana.

Nimemiliki zote mbili. Nilianza na Impreza WRX STI ya 2004, nikakaa nayo miaka minne. Nikaiuza nikachukua Lancer Evolution IX ya 2006, nikaiendesha miaka mitatu. Sasa nimerudi kwenye STI, nayo ni ya 2006. Mapenzi haya nimeyarithi. Nilizaliwa Tororo, kwenye nyumba za reli, na baba alipenda kutusimulia enzi ambazo mbio za Safari, zilizoanza 1953, zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nilipopata akili, Tommi Mäkinen akashinda Safari ya 1996 na Mitsubishi, mwaka uliofuata Colin McRae akaishinda na Subaru. Kwetu mtu alikuwa upande mmoja au mwingine kama vile timu za mpira. Kwa hiyo nikisema kwamba uamuzi wangu wa kuhama mara ya kwanza ulikuwa na kosa ndani yake, sisemi kwa kuichukia Evo. Naipenda mpaka leo.

Kosa lenyewe ni hili. Mwenye Evo alinichukua njia ya Jinja, tukavuka Mukono, tukaingia Mabira. Gari lake lilikuwa na shokapu mpya, tairi nne mpya za aina moja, na alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, imepimwa wiki hiyo. Kwenye zile kona za msituni lilishika lami kama kucha. Langu nililoliacha nyumbani lilikuwa na bushi za mikono ya chini zilizopasuka, shokapu moja ya nyuma inavuja, na tairi mbili za mbele nilizozinunua mtumba, zisizofanana na za nyuma. Nikarudi Kampala nikiamini nimeonja tofauti ya Mitsubishi na Subaru. Nilichoonja kilikuwa tofauti ya gari lililotunzwa na gari lililochoka.

Nililijua hilo baada ya mwaka mzima. Rafiki yangu mmoja aliifungua STI yake ya 2004, sawa kabisa na ile niliyoiuza, akabadilisha kila mpira uliokuwa chini yake, akanipa ufunguo niende nayo mpaka Entebbe na kurudi. Kabla sijafika Kajjansi nilishajua. Lile gari ndilo nililokuwa nalo miaka minne, ila mimi sikuwahi kuliendesha likiwa zima.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa kuliko yote yatakayofuata: kabla hujauza, lirudishe gari ulilonalo kwenye hali yake. Bushi zote za mbele na nyuma, shokapu, mipira ya kushikilia injini na giaboksi, oili za difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), kisha alaimenti kwa mtu mwenye mashine inayofanya kazi. Kiendeshe mwezi mmoja chombo hicho. Kama moyo bado unaitaka Evo, nenda kwa amani, na gari lako litauzika kwa bei nzuri zaidi. Vijana kadhaa niliowaambia hivyo hawakuhama tena.

Suala la tairi nilieleze kidogo zaidi, maana hapa kwetu ndipo magari haya yanapouawa kimyakimya. Gari linalovuta kwa miguu minne lina difu ya katikati inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukifunga tairi mbili mpya mbele ukaacha zilizolika nyuma, mzingo wake haufanani, kwa hiyo mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka, na ile difu inafanya kazi bila kupumzika kuanzia nyumbani mpaka kazini. Subaru wenyewe hutaka tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6. Chukua futi ya fundi cherehani, zungushia tairi, pima. Kazi ya dakika kumi. Ukipasuliwa tairi moja na jiwe na nyingine zimeshalika, nunua nne. Najua inauma. Difu inauma zaidi.

Sasa, ukishaamua kuhama, jiandae kujifunza upya. Yote mawili, yale ya Japani, ni ya lita 2 yenye tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) na miguu minne, lakini mikononi ni ndugu wa mama tofauti. Injini ya Subaru imelala, silinda zimetazamana kushoto na kulia, uzito uko chini ila wote umetangulia mbele ya ekseli. Ukiingia kona kwa pupa, pua inataka kwenda moja kwa moja. Unaisubiri: unafunga breki mapema, unageuza, unaipa nafasi ikae, ndipo unakanyaga mafuta nayo inajivuta kutoka. Evo haisubiriwi. Usukani wake una haraka, na difu ya nyuma ina mfumo wa AYC, uliokuja na Evo IV mwaka 1996, ambao husukuma nguvu kwenye gurudumu la nje la nyuma wakati wa kona. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, badala ya kutoka nje inazidi kuingia ndani.

Mwezi wangu wa kwanza na Evo, mvua ikinyesha, baada ya Lukaya kuelekea Masaka, kulikuwa na shimo na boda boda pembeni yake. Niligeuza usukani kwa kiasi kile kile mikono ilichozoea kwenye Subaru. Evo ikaruka mstari mzima na nusu. Boda alikuwa mbali, namshukuru Mungu, lakini nilisimama pembeni nikakaa nikisikiliza mvua juu ya bati la gari mpaka mapigo yakatulia. Niliporudi kwenye Subaru miaka mitatu baadaye jambo likawa kinyume: nilichelewa kufunga breki kwenye kona moja ya Mabira, nikitegemea difu ya nyuma ya AYC ambayo haikuwepo, na gari likateleza nje mpaka upande wa pili. Hakukuwa na mtu. Usiliendeshe gari jipya kwa kasi ya gari la zamani kwa wiki sita za mwanzo, hata kama wewe ni mzoefu, na hasa kama wewe ni mzoefu, kwa sababu mikono yako ina tabia usizozijua. Nenda Garuga au Busiika siku ya mbio za uwanjani, zungusha pale penye nafasi ya kukosea. Njia ya Masaka ina watoto wa shule.

Kuna mambo ya Kampala ambayo mauzo ya Japani hayakuambii. Intakula ya STI, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini, ndiyo sababu ya lile tundu la boneti. Kwenye foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni hakuna upepo unaoingia pale, inapokea joto la injini kutoka chini, na ukitoka kwenye foleni ukakanyaga unakuta gari zito kwa dakika chache. Halijaharibika, liache lipumue kwanza. Evo intakula yake iko mbele nyuma ya bampa, inapoa vizuri, lakini iko hapo hapo mawe ya maramu yanapofika, na bampa yenyewe iko chini. Kila tuta lisilopakwa rangi ni hesabu. Halafu Evo haikunji. Kwenye maegesho ya mjini, mahali Subaru inageuka mara moja, Evo unarudi nyuma mara mbili.

Sauti nayo. Vijana wengi wananunua STI kwa ajili ya ule mngurumo, kisha wanakuta STI ya Japani ya 2004 haingurumi. Ni kweli, haingurumi: menifoldi yake ya moshi ina mabomba ya urefu sawa yanayoingia kwenye tabo yenye njia mbili, na hiyo inaifanya tabo iamke mapema. Mngurumo unatokana na mabomba yasiyolingana. Nimeona watu wanang'oa menifoldi nzuri wafunge mbovu kwa ajili ya kelele. Tafadhali usifanye.

Tukija kwenye spea, hapa sina upole. Subaru Kampala ni nyingi. Forester na Legacy zimejaa, na vitu vingi vya injini na miguu vinakaribiana, kwa hiyo kwenye soko la spea la Kisekka unapata kitu siku hiyo hiyo. Evo unaagiza na kusubiri. Niliwahi kukaa wiki tano nikipanda teksi kwa sababu ya pampu ya mfumo wa difu. Na Evo ina oili nyingi za kukumbuka: ya injini, ya giaboksi, ya kisanduku cha kugawa nguvu, ya difu ya nyuma, na ile ya haidroliki inayoendesha difu zenyewe. STI giaboksi na difu ya mbele hunywa oili moja, ya nyuma hunywa yake, basi. Gereji moja, sitaitaja, iliwahi kuniwekea oili isiyofaa kwenye difu ya Evo, ikaanza kulia kila nikigeuka taratibu. Tangu hapo oili nanunua mwenyewe, nasimama pale inapomiminwa.

Injini ya Evo IX, ile 4G63, bloku lake ni la chuma na inavumilia. Lakini ina mikanda miwili: wa taimingi, na mdogo unaozungusha mihimili ya kupunguza mtikisiko. Ule mdogo ukikatika unaweza kunaswa na mkubwa, na hapo vali zinakutana na pistoni. Fundi akikuambia abadilishe mmoja tu, tafuta fundi mwingine. Kwa upande wa Subaru, pima oili kila unapojaza tangi, kwa sababu injini hizi hunywa oili na tabo haisamehi. STI yenye injini ya lita 2.5, zile zilizouzwa nje ya Japani, ichunguze mara mbili. Udhaifu wake unaojulikana ni kuvunjika pistoni pale pete zinapokaa. Na lolote kati ya hayo likiwa limetoka Japani, kompyuta yake ilipangwa kwa petroli yenye oktani (kipimo cha kuhimili mgandamizo) karibu 100. Nunua petroli bora kabisa unayoipata, na mpe mtu anayejua kupanga kompyuta aipange upya ifae petroli hiyo. Usikimbilie kuongeza presha ya tabo.

Rimu pia, kwa anayefikiria kubaki na zake: STI ya 2004 ina boliti tano kwenye duara la milimita 100, kuanzia toleo la 2005 ni 114.3. Zangu za kwanza nilizozihifadhi kwa upendo hazikuingia kwenye hii ya 2006. Za Evo matundu yanalingana nayo, ila tundu la katikati ni kubwa, zinahitaji pete.

Kununua kwenyewe kumebadilika. Sheria iliyorekebishwa 2018 inakataza kuingiza Uganda gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe. Evo IX ilikoma 2007, kwa hiyo huwezi tena kuiagiza. Unachagua kati ya zilizokwisha kuwa humu nchini, na kila moja imepita mikono kadhaa. Evo X iliendelea mpaka 2016, STI mpaka 2021, zile ambazo hazijafika miaka 15 bado zina mlango. Anayekuambia anaweza "kukupitishia" IX mpakani Busia anakuuzia kesi.

Unapokwenda kuangalia, fika asubuhi bila kutoa saa kamili. Nilipokwenda kuiona hii STI niliyonayo nilifika saa moja, nikamsalimu mwenye nayo, na kabla ya neno lolote la bei nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa na umande. Gari jingine nililoliona wiki iliyotangulia lilikuwa la moto mwenyewe akisema halijawashwa tangu jana, nikaaga nikaondoka. Injini baridi husema: moshi wa buluu, mlio wa pistoni, kusitasita. Fundi wangu, mzee wa Ndeeba aliyeshika Subaru tangu zile za kwanza, alipima kompresheni, yaani mgandamizo, wa silinda zote nne, moja baada ya nyingine, akaandika namba kwa chaki sakafuni. Zilikaribiana. Akasema, "Hii mwanangu, chukua." Hakuangalia kilomita kwenye dashibodi kabisa. Mkanda wa taimingi tuliubadilisha wiki hiyo hiyo, ingawa muuzaji aliapa ni mpya.

Na usimalize pesa zote kwenye bei. Tenga walau robo ya bei pembeni kwa miezi sita ya kwanza. Mimi kwenye Evo sikutenga, na wiki zile tano za teksi nusu yake zilikuwa za kusubiri pampu, nusu za kusubiri mshahara.

Jumamosi hii nitakuwa Ndeeba kwa yule mzee, tunamwaga oili ya difu ya nyuma. Lifti itakuwa wazi mpaka saa tano. Mwenye STI au Evo anayetaka kuziona bushi zake kwa macho kabla ya kumpigia simu yule muuzaji wa Ntinda, alete gari, tulinyanyue.