Petroli kwenye tangi la dizeli: usiliwashe tena hilo gari, soma kwanza

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Tangi la lita 60, ndani mlikuwa na dizeli kama lita 15, ukawekewa petroli lita 12. Umeendesha kilomita 3 hivi, gari likaanza kugonga na kutoa moshi mweupe, ukazima. Sasa jirani anakwambia jaza dizeli mpaka juu, itajichanganya yenyewe, tembea. Unauliza kama yuko sahihi.

Hayuko sahihi, na mimi ninayekwambia hivyo niligawa ushauri huohuo kwa miaka.

Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa ya dizeli, injini ya zamani isiyo na kompyuta hata moja. Siku moja nikamimina kwenye tangi dumu la lita 5 nikidhani ni dizeli. Harufu nikaja kuistukia dumu likiwa limeshaisha. Nikaongeza dizeli juu yake, nikaondoka. Iligonga kama mtu anayetikisa kopo la misumari, kesho yake ikapungua, keshokutwa ikanyamaza. Kuanzia hapo nikajiona mtaalamu. Kila aliyeniuliza nilimjibu, "Dizeli haina makuu, ongeza tu."

Nilichokuwa sijui ni kwamba pampu ya pikapu ile, zile ndefu zenye pistoni zilizopangwa kwa mstari, ilikuwa inalainishwa na oili ya injini. Dizeli ilipita pale kwenda kuchomwa tu. Tena baadhi ya vitabu vya magari ya dizeli ya enzi hizo viliruhusu kabisa kuchanganya petroli kidogo wakati wa baridi kali, vingine hadi asilimia 30, ili dizeli isigande. Kwa hiyo jirani yako hakutunga. Anaongelea injini ambazo wengi wetu hatuna tena.

Niliponyooka ni siku nilipoazima gari la shemeji, dizeli ya komon reli, silinda nne (yaani mfumo wa kisasa ambao pampu moja inajaza mafuta ya presha kubwa kwenye bomba moja, reli, linalozigawia injekta zote, vile vinyunyizio vya mafuta kwenye silinda). Niko kwenye simu, nikamwambia kijana wa pampu "jaza" bila kutaja jaza nini. Kosa langu, simtupii mtu. Na ujue kwamba mkono wa pampu ya petroli kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa dizeli, kwa hiyo unaingia kwenye mdomo wa tangi la dizeli bila ubishi wowote. Kinyume chake ndicho kigumu, ule mnene unagoma kwenye mdomo wa gari la petroli. Yaani kosa lenye hasara kubwa ndilo lenye mlango wazi.

Nikaenda kama kilomita 4. Mwanzo halikuonyesha kitu, maana kwenye mabomba na filta bado mlikuwa na dizeli safi. Halafu likakata nguvu kwenye mlima, likaanza kugonga, taa ya injini ikawaka, likazima. Hapo ndipo nilipofanya ujinga wenyewe: nilipiga stata mara tatu, nne, kila mara nikisubiri kidogo kama vile gari litabadili mawazo.

Fundi alipofungua filta alimimina mafuta yake kwenye bakuli jeupe la plastiki, akaliacha litulie juu ya benchi. Baada ya dakika chache akaniita na tochi. Chini ya bakuli kulikuwa na vumbi linalong'aa, laini kama ile rangi ya fedha ya kupakia mageti. Akapitisha sumaku kwa nje, chini ya bakuli, na lile vumbi likaifuata. Hakusema kitu. Ile ilikuwa pampu ya presha ya shemeji, imesagika.

Ilikuwaje? Kwenye komon reli dizeli ndiyo oili ya pampu. Hakuna ulainisho mwingine mle ndani. Jaribu mwenyewe: paka tone la dizeli kati ya vidole viwili usugue, vinateleza muda mrefu. Paka petroli, unasikia ubaridi, kisha vidole vikavu vinakwaruzana. Hicho ndicho kinachotokea kwenye pistoni za pampu, ila zenyewe zinafanya kazi kwenye presha ya kutisha. Tairi la gari dogo lina baa 2 na kitu. Reli ya magari haya hubeba baa 1,600, mengine hupita 2,000. Ili presha hiyo isivuje, nafasi kati ya pistoni na nyumba yake ni mikroni chache tu, wakati unywele wako una mikroni 70 hivi. Chuma kikigusana na chuma kwenye nafasi kama hiyo, kinachubuka. Na dizeli ya siku hizi yenyewe haina ziada ya kuchezea. Viwanda vikitoa salfa (Ulaya imeshuka mpaka sehemu 10 kwa milioni) ulainisho wa asili nao unaondoka, inabidi urudishwe kwa dawa inayochanganywa ndani. Petroli inakuja kuusuuza hata huo.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Si mafuta yote yanayoingia kwenye pampu yanachomwa. Sehemu kubwa inarudi kwenye tangi, ikiwa ya moto, kupitia bomba la marejeo. Petroli huanza kuchemka kwenye joto dogo kuliko dizeli, hivyo ile ya moto inajaa mapovu ya mvuke, na pampu inameza mapovu badala ya mafuta. Chenga za chuma nazo zinapita kila mahali: nyingine kwenye reli na injekta, nyingine zinarudi tangini kusubiri zamu ya pili. Ndiyo maana kwa shemeji haikutosha kubadili pampu. Ilibadilishwa pampu, injekta zote nne, reli na mabomba yake, tangi likashushwa likaoshwa. Bili ilizidi bei ya injini nzima iliyotumika. Nililipa kwa awamu, na mpaka leo shemeji akiniazima gari ananikabidhi ufunguo taratibu sana.

Kuhusu kugonga: dizeli haina plagi ya cheche. Hewa inabanwa kwenye silinda mpaka inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe. Dizeli imetengenezwa iwake upesi ikikutana na joto hilo, petroli imetengenezwa ikatae kuwaka kwa kubanwa. Kwa hiyo mchanganyiko unachelewa, unakusanyika kidogo, kisha unalipuka wote kwa mpigo. Ndiyo ile sauti uliyoisikia. Usiowaka kabisa unatoka kama moshi mweupe, na mwingine unateleza ukutani mwa silinda mpaka kwenye oili.

Sasa hesabu ya jirani. Lita 12 ndani ya jumla ya 27 ni asilimia 44. Ukijaza mpaka 60, bado petroli ni moja ya tano. Kwa komon reli hiyo si kuokoa gari, ni kuharibu kwa mwendo wa taratibu, na juu yake umechafua lita 33 za dizeli nzuri. Kuna wanaosema petroli inaelea juu kwa hiyo ukivuta ya chini uko salama. Haielei, haya mafuta mawili yanachanganyika kabisa. Na wale wa kuongeza oili ya tu-stroki (ile ya kuchanganywa na petroli kwenye injini ndogo) ili kurudisha utelezi, kwa asilimia 44 wanajifariji tu.

Kinachoamua ukubwa wa hasara ni swichi. Mwenzangu kazini aliwekewa petroli lita nyingi kuliko wewe, lakini alinusa kabla hajawasha. Walilisukuma gari pembeni likiwa nutro, tangi likamwagwa, filta mpya, basi. Baada ya saa tatu tu alikuwa njiani. Angefungua swichi tu, bila hata kupiga stata, kwenye magari mengi pampu ndogo ya umeme iliyo tangini ingeanza kusukuma ile petroli mbele. Kuna hata magari yanayoiamsha pampu hiyo ukifungua mlango wa dereva. Wewe umeshaendesha. Dakika 6 kwa mizunguko 1,500 kila dakika ni mara 9,000 injini imezunguka na kitu ambacho si dizeli. Haimaanishi pampu imekufa, wapo waliotembea hivyo wakapona. Ila huwezi kujua kwa kuliwasha tena.

Kwa hiyo acha ufunguo ndani ya nyumba. Livutwe au libebwe. Kama ni otomatiki bora libebwe. Mwambie fundi aanze na filta kabla ya tangi, amimine kilichomo kwenye chombo cheupe na apitishe sumaku. Kama hakuna chenga, una bahati: tangi limwagwe lote mpaka tone la mwisho, mabomba yasafishwe, filta mpya, dizeli safi, upepo utolewe kwenye mfumo kabla ya kupiga stata, na oili ya injini ibadilishwe pamoja na filta yake. Likishawaka, mwombe apime marejeo ya injekta. Anaunga vijibomba vinavyoonekana ndani kwenye kila injekta, kila kimoja na chupa yake, injini inaunguruma dakika kadhaa, halafu mnalinganisha. Chupa moja ikijaa kuliko wenzake, injekta hiyo inavujisha. Kama chenga zipo, usikubali kufungiwa pampu mpya peke yake hata kama fundi anakuonea huruma mfukoni. Mabaki yatakayobaki kwenye mabomba yataila hiyo mpya.

Na moto, jamani. Dizeli inahitaji kupashwa kupita nyuzi 50 ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ulichonacho tangini kichukuliwe kama petroli, wala kisiitwe dizeli chafu. Msikivute kwa mdomo, msikimwage kwenye gereji iliyofungwa, na asiwepo mtu anayechomelea jirani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka kwenye shimo la gereji na kukaa humo.

Yule aliyeuliza hapa kabla yako kuhusu dizeli kwenye gari la petroli: litakohoa, litafuka, plagi zitachafuka, lakini ukimwaga na kusafisha kwa kawaida linarudi. Usiliendeshe tu kwa kiburi.

Mkuu, ukishafungua filta piga picha ya chini ya bakuli kabla hawajamwaga, uiweke hapa. Na useme gari ni la mwaka gani, tujue pampu yake ni ya aina gani.